Kumbukumbu ya pamoja kwenye PostgreSQL: posix, sysv au mmap?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Natunza mfumo wa chama cha akiba na mikopo hapa Mbeya, na matawi yetu yako Tukuyu, Chunya na Rujewa. Kanzidata yetu ni PostgreSQL 16, imewekwa ndani ya Docker kwenye seva moja ya Linux yenye RAM ya GB 16. Kila mwisho wa mwezi ripoti ya mikopo na marejesho inakatika njiani na ujumbe huu: could not resize shared memory segment "/PostgreSQL.1804289383" to 134217728 bytes: No space left on device. Diski haijafika hata nusu. Mwenzangu mmoja ameniambia nibadilishe dynamic_shared_memory_type iwe mmap, mwingine anasema niweke sysv. Nimeona pia kuna shared_memory_type na sielewi inatofautianaje na hiyo ya kwanza. Ipi inafaa kwa seva yangu? Na kwa umeme wetu huu unaokatika bila taarifa, ipi ni salama zaidi kwa data za wanachama?

JIBU: Marahaba. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate, maana mwisho wa mwezi hausubiri. Usibadilishe aina ya kumbukumbu. Iache dynamic_shared_memory_type ikiwa posix na shared_memory_type ikiwa mmap, kama zilivyokuja. Kilichokwama ni kontena lako: Docker huligawia kila kontena MB 64 tu za /dev/shm, na PostgreSQL imeomba kipande cha MB 128 mahali penye dari la MB 64. Inua dari hilo, ripoti itapita.

Ujumbe wenyewe ndio unaopotosha watu. Unasema hakuna nafasi kwenye "device", na kila anayeusoma anakimbilia kuangalia diski. Hiyo "device" ni /dev/shm, ambayo ni mfumo wa mafaili unaoishi ndani ya RAM na hauhusiani na diski yako; njia ya posix huweka vipande vyake humo. Hakikisha mwenyewe kwa amri hii, ukiweka jina la kontena lako:

docker exec jina_la_kontena df -h /dev/shm

Ukiona 64M, tumeshampata mhusika.

Sasa nieleze kwa nini, kwa sababu wenzako wawili wamekupa ushauri wa aina mbili tofauti na mmoja wao unaweza kukuumiza.

PostgreSQL humpa kila anayeunganishwa mchakato wake peke yake. Karani wa Tukuyu akiingia kwenye mfumo, mchakato mmoja unazaliwa. Wa Chunya akiingia, mwingine unazaliwa. Kwa kawaida mfumo endeshi hauruhusu mchakato mmoja kuchungulia kumbukumbu ya mwingine. Lakini michakato hii lazima ijue mambo ya pamoja: kurasa gani za majedwali zimeshasomwa kutoka diski, nani amefunga safu ipi, nani amemaliza muamala. Mambo hayo yote hukaa kwenye eneo moja la RAM ambalo michakato yote inaliona, na hilo ndilo kumbukumbu ya pamoja. MySQL haina shida hii kwa sababu yenyewe ni mchakato mmoja wenye nyuzi nyingi ndani yake, na nyuzi za mchakato mmoja tayari zinaona kumbukumbu ileile. Ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye MySQL akihamia PostgreSQL hukutana na maneno haya kwa mara ya kwanza na kudhani ni jambo la ajabu.

PostgreSQL ina kumbukumbu za pamoja za aina mbili, na kila moja ina kigezo chake. Hapa ndipo swali lako la pili linapojibiwa.

Ya kwanza ni eneo kuu. Hutengwa seva inapowaka, ukubwa wake haubadiliki mpaka seva izimwe, na sehemu yake kubwa ni shared_buffers, yaani akiba ya kurasa za majedwali zilizosomwa kutoka diski. Aina yake huamuliwa na shared_memory_type. Ya pili ni vipande vya muda, vinavyozaliwa katikati ya kazi na kufa kazi ikiisha. Ripoti yako ikigawanywa kwa wafanyakazi watatu ili imalizike haraka, wafanyakazi hao wanahitaji mahali pa kupeana data, na kipande cha muda hutengenezwa kwa ajili yao tu. Aina yake huamuliwa na dynamic_shared_memory_type. Ujumbe ulioupata unahusu hii ya pili peke yake. Eneo kuu halina tatizo lolote, vinginevyo seva isingewaka kabisa.

Zingatia sana hapa, maana ndipo ushauri wa mmap unapoharibika. Thamani "mmap" imo kwenye vigezo vyote viwili, na kazi inayofanya ni tofauti kabisa. Kwenye shared_memory_type, mmap ni kumbukumbu isiyo na jina wala faili: mchakato mama huitenga kabla ya kuzaa watoto, na kila mtoto anairithi. Ni safi, haraka, na michakato yote ikifa inatoweka yenyewe. Lakini kwa sababu inarithiwa kwa kuzaliwa, haiwezi kutumika kwa wafanyakazi ambao tayari wapo na wanataka kupeana kitu kipya. Kwa hiyo kwenye dynamic_shared_memory_type, mmap ni kitu kingine: ni mafaili halisi yanayoandikwa kwenye folda ya pg_dynshmem ndani ya folda ya data. Kila ripoti kubwa itatengeneza faili kwenye diski, na mfumo endeshi unaweza kuziandika kurasa zake kwenye diski tena na tena ingawa data hiyo ni ya kutupwa baada ya sekunde chache. Ripoti yako itapita, ndiyo, maana diski ina nafasi. Lakini utakuwa umeibebesha diski mzigo usio na faida saa ileile ambayo matawi yote yanafunga hesabu. Nyaraka rasmi za PostgreSQL zinashauri usiitumie isipokuwa kwa uchunguzi, au pale ambapo folda hiyo imewekwa kwenye diski ya RAM, au ambapo njia nyingine hazipatikani. Wewe huna hata sababu moja kati ya hizo.

Ushauri wa sysv ni wa mtu anayejua anachosema, na sitaki kuupuuza. SysV ni njia kongwe iliyotoka kwenye UNIX System V ya mwaka 1983. Kipande hupewa namba na kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi, hakipiti /dev/shm, kwa hiyo dari la MB 64 halikigusi. Ukiiweka, ripoti itapita siku hiyohiyo. Wakongwe wa PostgreSQL wanaifahamu sana kwa sababu kabla ya toleo la 9.3, lililotoka Septemba 2013, eneo kuu lote lilikuwa SysV. Kerneli za Linux za wakati huo zilikuwa na kikomo cha kawaida cha MB 32 kwa kipande, na kila aliyeweka PostgreSQL alilazimika kwanza kuhariri kernel.shmmax, la sivyo seva haiwaki. Toleo la 9.3 lilihamishia eneo kuu kwenye mmap isiyo na jina na kuondoa adha hiyo. Mwaka 2014 kerneli ya 3.16 nayo ikapandisha kikomo hicho hadi kisihisike tena. Leo sysv kwa eneo kuu imerudishwa kama hiari tangu toleo la 12 la mwaka 2019, hasa kwa ajili ya mifumo kama AIX. Kwenye Linux ukiichagua kwa eneo kuu unapoteza kitu cha thamani, nitakieleza baadaye.

Basi kama sysv inafanya kazi kwa vipande vya muda, kwa nini nakukataza? Kwa sababu ya swali ambalo naomba ujiulize kila unapopanga kumbukumbu ya seva: siku RAM itakapoisha, nani ataanguka? Ukiwa na posix na dari uliloliweka mwenyewe kwenye /dev/shm, ripoti moja ikizidisha, ripoti hiyo inapata kosa na kuacha. Karani anayepokea marejesho Rujewa hajui hata kama kuna kilichotokea. Ukiwa na sysv, dari hilo halipo. Ripoti tatu nzito zikikutana, zitakula RAM mpaka kikomo cha kontena au cha mashine, na kerneli itaamua yenyewe mchakato wa kuua. Ikiua mchakato mmoja wa PostgreSQL kwa nguvu, mchakato mama hauwezi tena kuiamini kumbukumbu ya pamoja, kwa hiyo unawakata watu wote walioungwa, unaanza upya na kurudia logi ya WAL, yaani daftari la mabadiliko lililoandikwa kwenye diski. Matawi yote yanakatika kwa ajili ya ripoti ya mtu mmoja. Mimi naona kosa linaloonekana na kumgusa mwenye kosa ni bora mara nyingi kuliko ukimya unaoishia kwa kukata wote. Posix pia ndiyo chaguo la kawaida kwenye Linux, ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi, na kasoro zake zinaonekana mapema.

Turudi kwenye kontena lako. Kama unatumia Compose, ongeza mstari huu chini ya huduma ya kanzidata:

shm_size: "2g"

Kama unaiwasha kwa docker run, ni --shm-size=2g. Hii hubadilika kontena linapotengenezwa upya tu. Kulizima na kuliwasha hakutoshi. Kwa hiyo kabla ya yote chukua nakala kwa pg_dump, uihamishie mashine nyingine, kisha hakikisha folda ya data iko kwenye volumu yenye jina au folda ya mashine mwenyeji. Ukishahakikisha, docker compose up -d itaona badiliko na kutengeneza kontena jipya juu ya data ileile. Wengine huweka ipc: host ili kontena litumie /dev/shm ya mashine nzima, ambayo kwa kawaida ni nusu ya RAM. Siipendi njia hiyo. Inavunja ukuta kati ya kontena na mashine kwa ajili ya kitu ambacho mstari mmoja umeshakitatua.

Hizo GB 2 nimezipata wapi? Tufanye hesabu, ili kesho matawi yakiongezeka uweze kuirudia mwenyewe.

Mlaji mkubwa wa vipande vya muda ni muunganiko wa majedwali unaofanywa na wafanyakazi kwa pamoja kwa njia ya hashi, yaani ile hatua inayoandikwa Parallel Hash kwenye mpango wa utekelezaji. Ilianza kwenye toleo la 11 la mwaka 2018. Wafanyakazi wote hujenga jedwali moja la hashi kwenye kumbukumbu ya pamoja, na mgao wao wa work_mem (kumbukumbu ambayo kila hatua ya ripoti inaruhusiwa kutumia) hujumlishwa. Kiwango cha juu ni work_mem mara hash_mem_multiplier mara idadi ya washiriki. Tangu toleo la 15, hash_mem_multiplier ni 2. Washiriki kwa kawaida ni watatu: kiongozi na wasaidizi wawili, kwa kuwa max_parallel_workers_per_gather ni 2 usipoigusa.

Kwa work_mem ya kawaida ya MB 4 unapata 4 × 2 × 3, yaani MB 24. Hiyo inaingia ndani ya MB 64 bila shida, na ndiyo maana watu wengi wanaishi na Docker miaka bila kukutana na kosa hili. Sasa tuseme kuna siku mtu aliambiwa ripoti zinachelewa, akapandisha work_mem hadi MB 64. Hesabu inakuwa 64 × 2 × 3, MB 384, kwa muunganiko mmoja tu. Kwa kuwa kipande kilichoombwa kwenye ujumbe wako ni baiti 134217728, sawasawa na MB 128, inaelekea work_mem yako haiko kwenye MB 4. Iangalie kwa SHOW work_mem. Na usiishushe kwa hofu, maana inawezekana ndiyo inayofanya ripoti imalizike kwa dakika badala ya saa.

Ripoti inayounganisha wanachama, mikopo na marejesho ina miunganiko miwili, nayo inaweza kuwa hai kwa wakati mmoja: MB 768. Mhasibu na meneja wakiibonyeza pamoja, tunafika GB 1.5. Ongeza nafasi kidogo ya kupumulia, unapata GB 2. Hiki ni kikomo tu, RAM hiyo haitengwi mapema. Hiyo /dev/shm hutumia kile kilichoandikwa ndani yake na kurudisha kikifutwa. Hata hivyo, kinachotumika humo huhesabiwa kwenye kikomo cha kumbukumbu cha kontena. Kama umeliwekea kontena mem_limit ya GB 6 na shared_buffers ni GB 4, hizo GB 2 za juu hazina mahali pa kukaa na utamkuta tena yule muuaji niliyemtaja. Kwenye mashine ya GB 16 inayofanya kazi hii peke yake, kontena lipewe angalau GB 12.

Wengi hukosea hapa kwa kuongeza shared_buffers ndani ya hesabu ya shm_size. Sivyo. Eneo kuu ni mmap isiyo na jina, haligusi /dev/shm. Unaweza kuwa na shared_buffers ya GB 4 kwenye kontena lenye /dev/shm ya MB 64 na seva ikawaka vizuri, kama ilivyokuwa kwako mpaka leo.

Mara nyingine mtu hana ruhusa ya kubadilisha kontena, kwa mfano kama linaendeshwa na kampuni uliyokodi kwake. Hapo kuna njia ambayo watu wachache wanaijua. Tangu toleo la 14 kuna kigezo cha min_dynamic_shared_memory. Ukikiweka, tuseme '1GB', PostgreSQL inatenga kiasi hicho ndani ya eneo kuu inapowaka, na vipande vya muda vinachukuliwa humo kwanza kabla ya kwenda kuomba kwa mfumo endeshi. Haviendi /dev/shm mpaka akiba hiyo iishe. Gharama yake ni kwamba GB hiyo imeshikwa muda wote, hata tarehe 12 ambapo hakuna ripoti yoyote. Kwa mashine yako ya GB 16 ningeiweka kama njia ya pili, na bado ni bora kuliko mmap ya mafaili na bora kuliko sysv.

Kama mwisho wa mwezi ni kesho na huwezi kuzima chochote leo, kwenye kipindi cha ripoti hiyo tu andika SET enable_parallel_hash = off; kabla ya ripoti. Itatumia njia nyingine ya kuunganisha, pengine polepole zaidi, lakini itamaliza. VACUUM (usafishaji wa jedwali) ya mkono kwenye jedwali lenye faharasa nyingi nayo inaweza kukutana na kosa lilelile, kwa sababu tangu toleo la 13 inaweza kugawanya kazi ya faharasa kwa wafanyakazi. Hapo andika VACUUM (PARALLEL 0) ikifuatiwa na jina la jedwali.

Nilisema sysv kwenye eneo kuu inakupotezea kitu. Kitu hicho ni kurasa kubwa. Kerneli hugawa RAM kwa kurasa za KB 4, na kila mchakato una daftari lake la kurasa unazozifikia, baiti 8 kwa kila ukurasa. Shared_buffers ya GB 4 ni kurasa 1,048,576. Mchakato ukishazigusa zote, daftari lake ni MB 8. Inaonekana ndogo. Lakini kila karani aliyeungwa ana mchakato wake na daftari lake, na madaftari haya hayashirikishwi. Watu 60 wakiungana siku nzima unaweza kupoteza MB 480 za RAM kwa kutunza orodha ya mahali kumbukumbu ilipo, bila data yoyote ndani yake. Kwa kurasa za MB 2, eneo lilelile ni kurasa 2,048 na daftari ni KB chache. Kwenye Linux, PostgreSQL inaweza kutumia kurasa kubwa kwa eneo kuu pale tu shared_memory_type ikiwa mmap. Ukiigeuza iwe sysv, mlango huo umefungwa.

Kujua idadi ya kurasa unazohitaji, tangu toleo la 15 kuna amri inayokuhesabia seva ikiwa imezimwa:

postgres -D /folda/ya/data -C shared_memory_size_in_huge_pages

Namba inayotoka unaiweka kwenye vm.nr_hugepages ya mashine mwenyeji, maana kurasa hizi ni za kerneli na kontena halina kerneli yake. Kigezo cha huge_pages tayari ni try, kwa hiyo zikiwepo zitatumika na zisipowepo seva itawaka bila hizo. Hili si la dharura kwako. Fanya ukishatulia, na uanzie kwenye mashine ya majaribio.

Sasa umeme, na hili naomba lifike hata kwa uongozi wa chama, kwa sababu nimelisikia likielezwa vibaya mara nyingi. Umeme ukikatika ghafla, kumbukumbu ya pamoja ya aina yoyote ile inapotea, iwe posix, sysv au mmap. Yote ni RAM. Hata yale mafaili ya pg_dynshmem hayana thamani. Seva huyafuta inapowaka tena. Kwa hiyo hakuna aina iliyo salama kuliko nyingine kwa data za wanachama. Kinacholinda marejesho ya mwanachama ni logi ya WAL iliyoandikwa kwenye diski kabla muamala haujatangazwa kuwa umekamilika. Mambo yanayohusu usalama wako ni haya: fsync iwe on, full_page_writes iwe on, na diski isiwe ya aina inayodai imeandika wakati data bado iko kwenye kashe isiyo na betri. Kama kuna mtu aliyezima fsync ili mfumo uwe mwepesi, iwashe leo, kabla hata ya kugusa /dev/shm.

Kama mna UPS, ipangie izime kontena kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Docker kwa kawaida husubiri sekunde 10 baada ya kuiambia kanzidata izime, kisha huiua kwa nguvu. Kwa seva yenye kazi nyingi sekunde 10 zinaweza zisitoshe kumwaga kila kitu kwenye diski, kwa hiyo weka stop_grace_period: 1m au zaidi. Ikiuawa, data haitapotea, lakini itabidi irudie WAL wakati wa kuwaka na makarani watasubiri dirishani.

Kuna hatari moja ambayo hukuiuliza na siwezi kuinyamazia, kwa kuwa inatokana na mambo haya haya. Hata baada ya eneo kuu kuhamia mmap, PostgreSQL bado hutengeneza kipande kidogo sana cha SysV, baiti chache tu. Kazi yake ni ulinzi: kerneli inajua idadi ya michakato iliyoshikilia kipande hicho. Mchakato mama ukifa na watoto wakabaki, seva mpya ikijaribu kuwaka juu ya folda ileile itaona kipande bado kimeshikwa na itakataa, ikisema kuna kumbukumbu ya pamoja ya awali inayotumika. Ukikutana na ujumbe huo, usifute postmaster.pid, faili lenye namba ya mchakato mama, kama unavyoshauriwa mitaani. Tafuta michakato ya zamani uimalize, ndipo uwashe.

Ndani ya Docker ulinzi huo una pengo. Kila kontena lina nafasi yake ya SysV na hesabu yake ya namba za michakato. Makontena mawili yakiwekewa folda moja ya data, la pili halikioni kipande cha la kwanza. Linasoma namba 1 kwenye postmaster.pid, linaona ni namba yake lenyewe, linadhani ni mabaki ya zamani, na linawaka. Seva mbili zikiandika kwenye mafaili yaleyale bila kujuana zinaharibu data kwa namna ambayo nakala ya jana tu ndiyo itakayokuokoa. Kwa hiyo unapotengeneza kontena jipya lenye shm_size, hakikisha kwa docker ps -a kwamba la zamani limeondoka. Usiwashe la majaribio pembeni kwa kulielekeza kwenye volumu ya kazi, hata kwa dakika moja. Majaribio yafanyie kwenye data iliyorudishwa kutoka pg_dump.

Ukikamilisha, jaribu kabla ya tarehe yenyewe, jioni baada ya matawi kufunga. Weka EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) mbele ya ripoti, na kwenye dirisha lingine rudia df -h /dev/shm kila baada ya sekunde chache. Ukiona Workers Launched ni 2 na Parallel Hash imo kwenye mpango, umejaribu kitu chenyewe. Ukiona 0, ripoti imepita bila wasaidizi na jaribio halijathibitisha chochote. Andika kiwango cha juu /dev/shm ilichofika. Kikizidi robo tatu ya GB 2 kwa mtu mmoja tu, niandikie tena ukiambatanisha huo mpango, thamani ya work_mem na idadi ya safu kwenye jedwali la marejesho, tuangalie ripoti yenyewe kabla ya kuongeza kumbukumbu nyingine.